Radi Ilipiga Mwembe wa Jirani, Redio Yangu Ikaungua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani ya mawasiliano yasiyo ya biashara, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Antena yangu imefungwa juu ya bomba la chuma la mita 12, na chini yake nilizamisha fito ya shaba iwe ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Majuzi radi ilipiga mwembe wa jirani, wala haikugusa mlingoti wangu, lakini redio iliungua. Nimekosea wapi? Tena, mwenzangu mmoja, kila mvua inapokaribia, hutumbukiza ncha ya kebo ya antena ndani ya chupa ya kioo. Je, inasaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, fito yako haina kosa, kosa ni kuiacha peke yake. Nyumba yako ina ethi nyingine karibu na mita ya umeme, na redio imekaa katikati ya hizo mbili, huku imeshikana na mlingoti kwa kebo ya antena na kule imeshikana na ethi ya nyumba kwa waya wa plagi. Radi inapoingia ardhini, volti ya udongo hupanda sana karibu na ilipopiga na hupungua kadiri unavyosogea mbali, kwa hiyo ethi zako mbili zilitofautiana ghafla, na umeme ukapita palipokuwa na njia, yaani ndani ya redio.

Dawa yake ni kuziunganisha ethi hizo kwa ukanda mpana wa shaba uliofukiwa ardhini, na kazi ya upande wa mita mwachie fundi mwenye leseni. Kebo zote zinazoingia chumbani, za umeme na intaneti zikiwemo, zipitie kwenye bamba moja la shaba lililounganishwa na ethi, na vizuia radi vyake, yaani vifaa vya kuelekeza volti ya ziada kwenye ethi, vifungwe hapo hapo. Wengi hudhani waya mnene unatosha, kumbe mkondo wa radi hupanda haraka mno: ukiongezeka kwa ampia 10,000 ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, waya wa mita moja tu huwa na takribani volti 10,000 kati ya ncha zake. Ndiyo maana tunasisitiza ukanda uwe mfupi, mpana na usio na kona kali. Maungio yafungwe kwa vibano vya skrubu, kwa sababu risasi ya kulehemu huyeyuka.

Kuhusu chupa, radi iliyokwisha kukata kilomita kadhaa za hewa haitazuiwa na kioo. Kuchomoa kebo kunafaa sana, ila ncha yake ibaki nje ya chumba, si juu ya meza, na plagi ya umeme ichomolewe pia. Yote hayo yafanyike mapema. Ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na umechelewa. Usiguse kebo yoyote mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.