QRS pana usiichukulie poa, hata kama mgonjwa anaongea

Nyie mnaoanza wodini na ICU, najua ECG (karatasi ya umeme wa moyo) inatisha, mi mwenyewe miezi ya mwanzo nilikuwa nikipewa karatasi nakunja uso kama naisoma kumbe nasoma yale maandishi mashine imeprinti juu. Midundo ya ventriko (vyumba vya chini vya moyo) ndo ilinisumbua kuliko yote, kwa hiyo ntaisema nilivyoielewa mimi, sio kwa mpangilio wa kitabu.

Kwanza elewa kwa nini QRS, lile wimbi la umeme unaopita kwenye ventriko, inapanuka. Umeme ukishuka njia yake ya kawaida unafika ventriko zote mbili karibu kwa pamoja, QRS inatoka nyembamba. Mpigo ukianzia kwenye msuli wa ventriko wenyewe inabidi umeme upenye seli kwa seli, taratibu, ndo unapata sekunde 0.12 kwenda juu, yaani viboksi vidogo 3 kama karatasi inaenda spidi ya milimita 25 kwa sekunde. Hesabu viboksi jamani, na pitia lidi zote 12 (pande 12 ambazo mashine inautazamia moyo), maana kuna lidi itakudanganya QRS ionekane nyembamba kisa kipande chake kimelala kwenye mstari.

PVC (mpigo wa ziada unaoanzia kwenye ventriko) moja moja ni rahisi: mpigo umewahi, mpana, hauna P (wimbi dogo la vyumba vya juu) mbele yake, T (wimbi linalofuata QRS) imegeukia upande wa pili, halafu moyo unatulia kidogo kabla ya kuendelea. Watu wazima kibao wanazo na wala hawaumwi. Zikija kwa kupokezana, yaani wa kawaida, PVC, wa kawaida, PVC, hiyo ni bigemini, na hapo mshike mgonjwa mkono, unaweza kukuta monita inasema 80 we unahesabu 40, kwa sababu mpigo uliowahi umekuta ventriko haijajaa damu. Zikifuatana 3 au zaidi kwa kasi ya kupita 100 kwa dakika hiyo sasa ni VT, yaani mbio za ventriko, ikizidi sekunde 30 au ikaangusha presha usisubiri kuambiwa, ita watu.

Sasa nilipoungua. Usiku, mzee mmoja aliwahi kupata shambulio la moyo miaka ya nyuma, mapigo 160, yamepangana vizuri, QRS pana, na mwenyewe kakaa kitandani anapiga stori, presha 110 kwa 70. Nikajiambia VT gani hii mtu anaongea, itakuwa SVT tu (mbio zinazoanzia juu ya ventriko) ambayo tawi moja la umeme limeziba. Akapewa verapamili, dawa ya SVT. Dakika chache presha haishikiki, jasho linamtoka, tukaishia kumpiga shoku, nashukuru alirudi. Asubuhi daktari mkubwa akachukua karatasi ileile, hakunigombeza hata, akaweka kalamu kwenye P moja, akaisogeza hadi inayofuata, P zinatembea kivyake hazina habari na QRS. Na kuna mpigo mmoja umbo lake liko katikati ya mwembamba na mpana, ni umeme wa juu na wa chini umekutana njiani. Vyote vilikuwepo usiku ule, mi nilikuwa naangalia presha.

Kwa hiyo presha nzuri haikatai VT. Mtu mwenye historia ya moyo, mapigo ya haraka, QRS pana, we sema VT mpaka mtu akuoneshe kwamba sio. Vingine vya kuangalia ni QRS za V1 hadi V6 zote kuelekea upande mmoja, au lidi I na aVF zote kuangalia chini. Ila ukivikosa usipumue bado, mara nyingi P zimefichwa humohumo ndani. Tafuta na ECG ya zamani, kama QRS ilikuwa na umbo hilohilo alipokuwa mzima hapo ndo unaweza kufikiria tawi lililoziba.

Kama ni pana sana lakini haina haraka, chini ya 120 hivi, fikiria potasiamu imepanda, hasa mgonjwa wa figo, huyo anahitaji kalsiamu mapema. Na mtu aliyetoka kuzibuliwa mshipa wa moyo akipata mdundo mpana wa 50 hadi 110, presha iko sawa, kwa kawaida unapita wenyewe, muache.

Torsadi, aina ya VT, utaijua, QRS zinajisokota kuzunguka mstari, zinakua zinanywea zinakua tena. Rudi nyuma uangalie QT (toka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T) kabla haijaanza, itakuwa ndefu, uliza dawa anazotumia, pima potasiamu na magnesiamu. Anapewa magnesiamu gramu 2 kwenye mshipa, na kama hana mapigo ni shoku. Amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, hapa hapana, inazidi kurefusha QT.

VF, yaani ventriko zinatetemeka tu bila kusukuma damu, haina cha kuhesabu, ni vurugu tupu, na mwenye VF hakuangalii machoni. Nasema hivi kwa sababu siku moja alamu ililia tukakimbia na toroli lote, tunafika mgonjwa anapiga mswaki, anatushangaa. Karatasini ukitulia ulikuwa unaona vijiti vya QRS vinapita katikati ya vurugu kwa nafasi zilezile. Vurugu ilitoka kwenye mkono wa mswaki, na elektrodi moja pia ilikuwa imeanza kubanduka, tukabandika nyingine, akaendelea na mswaki wake.