Popo Walikuwapo, Kinasa Sauti Changu Ndicho Kilichokuwa Kiziwi

Juzi kijana mmoja wa kikundi cha kupanda mikoko kule Mida, karibu na Watamu, aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Tumetega vinasa sauti mwezi mzima. Ndege tumewapata, popo hatukupata hata mmoja. Je, tuwaambie wafadhili kwamba hawajarudi?" Nilimjibu marahaba, kisha nikamsihi asiandike lolote, kwani neno hilo niliwahi kuliandika mimi, na hadi leo linaniuma.

Tulikuwa tumepanda mikoko upande wa Manda, kisiwa cha Lamu, mahali palipokatwa miti hadi pakabaki tope tupu. Miche ilipokua nilitega vinasa sauti vidogo vitatu viitwavyo AudioMoth, na baada ya wiki nne nikasoma ripoti kikaoni: popo hakuna. Nahodha mmoja mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi kila magharibi nawaona wakipita juu ya tanga." Nikamjibu, mbele za watu, kwamba mtambo hausemi uongo.

Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na popo wengi wanaokula wadudu hulia juu ya hapo. Kinasa sauti nacho hakishiki mtetemo unaozidi nusu ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kinazochukua kwa sekunde. Vyangu nilikuwa nimeviacha kwenye sampuli 48,000, kiwango kinachotosha ndege, kwa hiyo sauti yoyote iliyopita 24,000 haikuingia kabisa, ilhali mtambo huohuo unaweza kufika sampuli 384,000.

Kosa la pili lilifichuliwa na adhana. Katika faili lililoandikwa saa nane usiku nilimsikia muadhini kwa mbali, ng'ambo ya maji, akisema "Asswalaatu khairun minan-naum", maneno ya adhana ya alfajiri peke yake. Saa ya mtambo ilikuwa ya Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Nilidhani unaanza kunasa saa kumi na mbili jioni, kumbe ulianza saa tatu usiku, popo wakiwa wameshatoka na kutawanyika.

Basi kijana wangu, kijaribu kinasa sauti nyumbani kwanza. Tikisa funguo mbele yake, ufungue faili katika programu ya Audacity kama spektrogramu, yaani picha ya sauti. Mlio wa funguo ukikomea kwenye 24,000 au chini yake, kiwango chako ni kibovu. Kinasa sauti kifunge juu ya alama ya maji ya bamvua, mahali pasipopigwa na kusi. Tega kingine katika mikoko ya zamani na kingine penye tope tupu, la sivyo huna cha kulinganisha. Wala usihesabu milio kama vichwa, maana mdiria mmoja huweza kulia asubuhi nzima. Na ninyi nyote mnaoandika ripoti, kabla ya kuandika "hakuna", waulizeni wavuvi, kwa adabu, na mkae mpaka wamalize kusema.

Msimu uliofuata nilimpelekea nahodha yule picha ya milio ya popo, nikamwomba radhi. Aliishika karibu na taa, akaniuliza walipita saa ngapi. Nikamwambia saa moja kasorobo. Akasema, "Ndio hao."