Faili hili likipotea, utalipata wapi? Ushauri wa kutunza video unazohariri

Nikiulizwa kuhusu kuhifadhi video, swali huwa ni lile lile: ninunue diski ya ukubwa gani? Huwa simjibu mtu hapo hapo. Kwanza namwomba afungue folda ya kazi yake ya mwisho anionyeshe kilichomo. Humo utakuta video ghafi kutoka kwenye kamera, sauti ya kinasa sauti, muziki, nembo ya mteja, proksi (nakala nyepesi za video za kuhariria), kache (mafaili ya muda ambayo programu hujitengenezea), na video iliyokamilika imekaa mara nne kwa majina ya "mwisho", "mwisho2", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kutuma". Vyote vimerundikwa pamoja, na vyote vinapewa ulinzi uleule, yaani hakuna.

Tangu nianze kuhariri kwa malipo, nimezoea kuliuliza kila faili swali moja: likipotea leo, nitalipata wapi? Video na sauti zilizorekodiwa kwenye tukio hazipatikani popote tena, maana bibi harusi hatavishwa pete mara ya pili kwa sababu diski yako imekufa. Faili la mradi, lile linalobeba mikato, rangi na mpangilio wote, litapatikana ukikaa chini na kuifanya kazi upya kwa hasira. Kache, proksi na mafaili ya kurenda (vipande ambavyo programu imeshavichakata) yatarudi yenyewe ukiiacha kompyuta ifanye kazi usiku. Ukishayatenga mafaili yako hivi, maswali ya diski huwa mepesi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wengi hununua diski kwa kukisia. Kamera hutaja kasi yake ya kurekodi kwa megabiti, ilhali diski huhesabiwa kwa baiti, kwa hiyo gawanya kwa 8. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 12.5 kila sekunde, megabaiti 750 kwa dakika, gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa nne nne, tayari una gigabaiti 360. Weka nakala ya pili, umefika 720, na programu ya kuhariri hujaifungua bado. Ukigeuza kila kitu kuwa ProRes 422, kodeki (yaani namna ya kubana video) iliyo nyepesi kuhariri, ili kompyuta ipumue, video ya UHD, yaani ile 4K ya kawaida, ya fremu 30 hivi kwa sekunde inafika megabiti 589, sawa na gigabaiti 265 hivi kwa saa. Kodeki hiyo ni raha kuifanyia kazi, lakini nafasi inayoitaka ni karibu mara sita ya ile ya mwanzo. Na ukichomeka diski ya terabaiti 1 kwenye Windows ukaona gigabaiti 931, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Sehemu ninayoikazania kuliko zote ni pale kadi inapotoka kwenye kamera, kwa sababu hapo ndipo yale mafaili yasiyorudi yanapokuwa na nakala moja tu duniani.

Nakili kadi nzima pamoja na folda zake zote, hata zile zinazoonekana hazina kitu. Kamera nyingi za Sony huweka klipu ndani ya PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP, na pembeni ya kila klipu kuna faili dogo la maelezo. Zile kamera zinazorekodi kwa mfumo wa AVCHD hukata klipu ndefu vipande vipande, na maelezo ya namna vipande vinavyoungana yanakaa kwenye folda nyingine kabisa. Ukichomoa video peke yake, huenda sauti ikaruka kwenye maungio. GoPro nayo ina mambo yake. Klipu ndefu inaitwa GX010034, kipande chake cha pili kinaitwa GX020034, kwa hiyo ukipanga kwa majina, kipande cha pili kinakwenda kukaa baada ya GX010035, mbali na ndugu yake. Tarakimu mbili baada ya herufi ni namba ya kipande, nne za mwisho ni namba ya klipu. Nimeona watu wakidhani kamera imemeza nusu ya hotuba, kumbe ipo chini kidogo kwenye orodha.

Kila kadi ipate folda yake: KamA_Kadi1, KamA_Kadi2, KamB_Kadi1. Usizimwage zote kwenye folda moja. Kamera nyingi huweza kuanza kuhesabu upya kadi ikifomatiwa, yaani ikifutwa na kuandaliwa upya, hivyo utakuwa na C0001 ya asubuhi, C0001 ya jioni na C0001 ya kamera ya pili. Siku ukihamisha kazi kwenye diski nyingine na programu ikakuomba uioneshe klipu zilipo, itakamata C0001 ya kwanza iliyoikuta. Unafungua mradi, badala ya mgeni rasmi anayehutubia, unaona wapishi. Folda zikiwa na majina tofauti, unajua klipu inatoka wapi.

Kuhusu kuhakikisha nakala: ule mstari kufika mwisho unakwambia kompyuta imemaliza kunakili, haukwambii kilichonakiliwa kiko salama. Programu za kazi hii husoma faili la asili na nakala yake, kila moja zinaipigia hesabu ya tarakimu, kisha zinalinganisha. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, inayo Clone Tool kwenye ukurasa wake wa Media, TeraCopy inafanya hivyo kwenye Windows, na wanaopenda kuandika amri wana rsync, wakiiongezea --checksum. Huna hata moja? Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti pande zote mbili, kisha cheza klipu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Hiyo ni njia ya mkato, lakini inazidi kwa mbali kuamini tu.

Kadi naifomati ikishakuwa na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, na naifomatia ndani ya kamera itakayoitumia. Folda mbili ndani ya diski moja ni nakala moja. Kwenye kiboksi changu, kadi iliyojaa inalala kifudifudi, iliyo tayari kutumika inalala chali. Msaidizi yeyote anaelewa bila maelezo, hata gizani.

Majina ya folda sina maneno mengi. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2025-03-14_Uzinduzi, zitajipanga zenyewe. Epuka alama za ajabu ajabu. Ndani weka folda ya video, ya sauti, ya muziki, ya picha na nembo, ya mradi, na ya matoleo yaliyotumwa. Zifanye zilezile kila kazi, hata kama moja itabaki tupu. Ukishaanza kuhariri, usibadilishe jina la faili wala kulihamisha ukiwa nje ya programu. Mradi haubebi video ndani yake, unashika anwani tu. Anwani ikibadilika, programu ya Premiere Pro inakuwekea ule ubao mwekundu wa Media Offline, nawe moyo unakudunda bure wakati faili lipo.

Wanaotumia DaVinci Resolve nawaomba wasome hapa mara mbili. Kwa kawaida mradi wa Resolve haukai kwenye folda ya kazi. Unakaa kwenye maktaba ya miradi ya programu yenyewe, mara nyingi ndani ya diski ya kompyuta. Unaweza kunakili folda nzima ya kazi kwenye diski tatu na bado mradi usiwemo hata moja. Kila nikimaliza siku, naekspoti mradi kama faili la .drp na kulitia kwenye folda ya kazi. Faili lenyewe ni dogo kulinganisha na video, na ndani yake mna jasho lako lote.

Kasi ya diski watu huizungumza sana, mimi nitaipitia haraka. Diski ya sahani zinazozunguka husoma megabaiti 150 au 200 kwa sekunde ikisoma kwa mfululizo, ila ukicheza video za kamera tatu kwa pamoja inabidi irukeruke, na hapo inachoka. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ikiwa ya aina ya SATA inafika 500 na kitu, za aina ya NVMe zinakwenda maelfu. Kazi iliyo mezani ikae kwenye SSD, kazi iliyokwisha ikae kwenye diski ya kuzunguka. Kabla ya kusema diski mpya ni mbovu, angalia kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu zina kichwa cha USB-C lakini ndani ni USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwa makaratasi na pungufu ya hapo kwa kweli. SSD ya gharama ikipitishiwa hapo ni lori kwenye njia ya baiskeli.

Diski inayotembea kati ya Windows na Mac huwa naifomati kwa exFAT, mpangilio wa diski ambao zote mbili husoma na kuandika, kwa sababu Mac ikiachwa ilivyo husoma NTFS, mpangilio wa Windows, bila kuiandikia, na FAT32 ya zamani haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Ila exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha pale uandishi unapokatizwa, kwa hiyo usiichomoe kienyeji. Iondoe kwa utaratibu, hata kama mteja anapiga honi nje.

Proksi ni rafiki wa mwenye kompyuta ndogo. Video za H.265 (kodeki inayobana sana) za simu na droni ni ndogo kwa ukubwa lakini zinaitesa kompyuta kuzifungua. Tengeneza proksi za 1080 au hata 720, ziweke kwenye SSD ndogo unayotembea nayo, video za asili zibaki mahali salama. Wakati wa kutoa video ya mwisho, hakikisha programu inatumia za asili. Na kwa kuwa proksi ni za kundi linalorudi, sizitunzii nakala hata siku moja. Ni hivyo hivyo kwa kache. Premiere huiweka yenyewe kwenye diski ya mfumo, na ndiyo maana kompyuta inalia imejaa wakati hujui umeweka nini. Ihamishe kwenye diski nyingine, washa mpangilio wa kufuta iliyozeeka, na ukibanwa ifute yote. Utakachopoteza ni muda wa kuisubiri itengenezwe tena.

Kwa yale yasiyorudi, kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh bado inanitosha: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya jengo. Wenye RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, msikasirike, lakini hiyo haihesabiki kama nakala. RAID yenye ulinzi inakuokoa diski moja ikifa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kote kwa mpigo, na mwizi akija anabeba boksi zima. Folda inayojisawazisha na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, ina tabia hiyohiyo: ukifuta huku, na kule panafutika, labda uwahi kwenye pipa lake la taka.

Vipi kupandisha video ghafi zenyewe kwenye wingu? Piga hesabu ya intaneti yako kwanza. Zile gigabaiti 360 za juu, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, ni saa 80 bila kukatika. Mimi kwenye wingu napandisha faili la mradi, kila siku, pamoja na video iliyokamilika. Video ghafi zinakwenda kwenye diski ya pili inayolala kwenye nyumba nyingine, kwa mtu ninayemwamini.

Kazi ikiisha na malipo yakaingia, fanya usafi kabla hujasahau nini ni nini. Kache na proksi futa. Weka video ya mwisho kwenye kodeki nzito kama ProRes au DNxHR, weka toleo lisilo na maandishi, weka mradi, nembo na hata fonti zilizotumika. Toleo lisilo na maandishi linadharauliwa sana. Mteja akirudi baadaye anataka cheo cha mtu kibadilishwe kwenye video, nalo lipo, ni kazi ya dakika chache. Video ghafi zitunze kwa muda mliokubaliana, na huo muda uandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani anagharamia diski akitaka zikae zaidi. Wateja wengi wanaamini unatunza milele, tena bure. Wachache hukasirika wakisoma kipengele hicho, wengi huleta diski yao wenyewe.

Diski ya kukaa kabatini iwe ya kuzunguka, si SSD, kwa sababu SSD iliyokaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data. Nazo za kuzunguka huwa naziwasha mara moja moja kuona kama zinaamka vizuri. Kila diski ina namba kwa kalamu ya wino mzito, na nina jedwali moja la kompyuta: namba ya diski, jina la kazi, tarehe, nakala ya pili iko wapi, lini niliiwasha mara ya mwisho. Jedwali hilo nalo lina nakala kwenye simu, ili mteja akipiga nikiwa barabarani niweze kumjibu diski namba ngapi.