Maswali yenu: Don Mills, Don Valley East na kura zinazobaki nyumbani

Tangu uchaguzi wa mkoa wa Ontario wa Februari 2025, maswali kuhusu jimbo la Don Valley East hayakomi. Wasomaji wengi wa safu hii walioko Toronto wanaishi humo au wana ndugu humo, kwa hiyo leo nalishughulikia peke yake. Maswali niliyokwisha kuyajibu mara nyingi nimeyajibu kwa ufupi.

Nimekaa hapa miaka saba na kila mtu ananiambia eneo hili ni ngome ya Waliberali tangu enzi. Ni kweli? (Parkwoods)

Hapana, na anayekuambia hivyo anahesabu kuanzia alipohamia yeye. Don Mills ni kitongoji kilichopangwa na kujengwa kuanzia miaka ya 1950, kwa fedha za tajiri E.P. Taylor na ramani ya Macklin Hancock, palipokuwa mashamba. Jimbo la Don Mills lilipiga kura yake ya kwanza ya mkoa mwaka 1963, na kwa karibu robo karne nzima halikumpeleka Queen's Park, yaani bunge la mkoa, mtu yeyote asiye wa chama cha Progressive Conservative, Wahafidhina. Alianza Stanley Randall. Mwaka 1971 akaja Dennis Timbrell, kijana aliyepanda hadi kuwa waziri wa afya, na ambaye Novemba 1985 aliukosa uongozi wa chama chake kwa kura 19 tu, ukaenda kwa Larry Grossman.

Kisha jimbo likatikisika. Mwaka 1987 Waliberali wa David Peterson, waziri mkuu wa mkoa, walizoa viti 95 kati ya 130, na Don Mills ikawa mojawapo. Mwaka 1990 ikaenda kwa NDP, chama cha mrengo wa kushoto, kwa Margery Ward. Mama huyo alifariki Januari 1993, uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 1 Aprili, na Wahafidhina wakakirudisha kiti kupitia David Johnson, aliyekuwa meya wa East York. Vyama vitatu ndani ya miaka sita, na wapiga kura ni wale wale! Johnson alishinda tena 1995 akiwa chini ya Mike Harris, aliyekuwa waziri mkuu wa mkoa, akawa waziri.

Kwa hiyo "tangu enzi" yenu inaanzia 1999. Mwaka huo, Don Mills ilipofutwa na jimbo jipya la Don Valley East kuanza, Johnson aliangushwa na David Caplan wa Waliberali, na tangu hapo kiti hakijatoka mikononi mwao: Caplan hadi 2011, halafu Michael Coteau, na sasa Dkt. Adil Shamji, daktari wa wagonjwa wa dharura, aliyechaguliwa 2022 na tena 2025.

Mbunge wetu Shamji amefanya nini kuhusu viza ya mama yangu? (Flemingdon Park)

Viza ni kazi ya Ottawa, serikali ya shirikisho. Shamji yuko Queen's Park. Mwandikie mbunge wako wa shirikisho. Swali hili nimelijibu kila mwaka tangu safu hii ianze, na bado kila wiki nalipokea. Hospitali, shule, kodi ya nyumba unayopanga na sheria ya kumlinda mpangaji ni mambo ya mkoa. Uhamiaji, pasipoti na jeshi ni ya shirikisho. Takataka zisizozolewa ni za jiji.

Baba yangu, aliyekuja hapa kutoka Kampala mwaka 1972, alikuwa akisema mtu wa Nairobi aliwahi kuwa mbunge wa Don Mills. Alikuwa anamaanisha nani? (Don Mills)

Alimaanisha Murad Velshi, na hakukosea sana. Velshi alizaliwa Afrika Kusini, akaondoka na familia wakati wa ubaguzi wa rangi, wakaishi Kenya, kisha wakahamia Toronto mwaka 1971. Mwanawe Ali, mtangazaji wa televisheni Marekani, alizaliwa Nairobi.

Watu wanakumbuka ushindi wa 1987 peke yake, nami nataka mkumbuke mwaka 1981. Velshi aligombea Don Mills mwaka huo dhidi ya Timbrell, waziri, ndani ya ngome ya Wahafidhina, akashindwa vibaya. Lakini hakuacha. Waliberali walipoimarika mkoa mzima, mtu aliyekwisha kufahamika milangoni mwa watu alikuwa yeye. Akaingia bungeni akiwa miongoni mwa watu wa kwanza wenye asili ya Kihindi kukaa Queen's Park. Miaka mitatu baadaye Peterson akaitisha uchaguzi mapema bila sababu iliyoeleweka kwa wananchi, wananchi wakakasirika, na Velshi akaondoka na wenzake. Hakuondolewa kwa kosa lake. Katika majimbo ya namna hii ya pembezoni mwa mji, upepo wa mkoa ukigeuka humbeba mbunge mzuri na mbaya kwa pamoja.

Familia nyingi za Waismailia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zilianzia maisha katika magorofa ya Flemingdon Park na Thorncliffe Park, na mkitaka kuona walipofika, nendeni Wynford Drive. Pale ndipo palipokuwa makao makuu ya Bata, kampuni ile ile ya viatu tulivyovaa shuleni. Jengo lilivunjwa, na mwaka 2014 pakafunguliwa Kituo cha Waismailia na Jumba la Makumbusho la Aga Khan. Wapelekeni watoto, kisha waelezeni kuhusu 1981.

Nina ukaazi wa kudumu. Naweza kupiga kura ya mkoa? (Victoria Village)

Hapana. Lazima uwe raia wa Kanada, mwenye miaka 18, mkaazi wa Ontario. Jina lako likiingia daftarini kwa makosa, usilitumie, hata rafiki akikuambia hakuna atakayejua. Kupiga kura bila sifa ni kosa kisheria, na wewe ndiye unayesubiri uraia.

Kwa nini jimbo la Don Mills lilifutwa? Na kwa nini mwaka 2025 nilipelekwa majimbo mawili tofauti? (Barabara ya Lawrence)

Hili ni swali zuri kuliko yote niliyopokea.

Serikali ya Harris ilipitisha sheria mwaka 1996 ya kupunguza viti vya mkoa kutoka 130 hadi 103, kwa kuchukua mipaka ya majimbo ya shirikisho kama ilivyo. Ilipoanza kutumika 1999, Don Mills ikatoweka kwenye ramani. Wabunge wawili walioketi bungeni wakajikuta wanagombea kiti kimoja kipya cha Don Valley East: Johnson, kutoka Don Mills, na Caplan, kutoka jimbo jirani la Oriole alilolipata katika uchaguzi mdogo wa 1997 baada ya mama yake, Elinor Caplan, kwenda kugombea Ottawa. Mtu anayesema Don Mills "iligeuka" na kuwa ya Kiliberali mwaka huo asome ramani kwanza. Watu waliokuwa wakiipigia kura familia ya Caplan waliunganishwa na watu waliokuwa wakimpigia Johnson.

Ramani ilikatwa tena kwa uchaguzi wa 2018. Sehemu ya kaskazini, juu ya barabara kuu ya 401, ikaenda Don Valley North. Halafu kwa uchaguzi wa shirikisho wa Aprili 2025 Ottawa ikachora upya, Toronto ikapoteza kiti kimoja na Don Valley North ikafutwa. Mkoa haukuifuata, uchaguzi wake wa Februari ulitumia mipaka ya 2018. Ndiyo maana ndani ya miezi miwili uliitwa majina mawili bila kuhama nyumba. Usikisie jimbo lako kwa jina la mtaa. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya Elections Ontario kwa kura ya mkoa, na ya Elections Canada kwa kura ya shirikisho.

Kura yangu moja itabadili nini? (Thorncliffe Park)

Wewe unaishi Don Valley West, jimbo jirani, kwa hiyo nakujibu kwa mfano wa kwenu. Mwaka 2018 Kathleen Wynne, waziri mkuu wa mkoa, alikitetea kiti chake hapo akashinda kwa kura 181. Magorofa mawili ya mtaa wako yana watu wazima wengi kuliko hao.

Usiku huo Waliberali walibakiwa na viti 7 kati ya 124. Kimojawapo kilikuwa cha Coteau hapa Don Valley East, alipomshinda kwa tofauti ndogo Denzil Minnan-Wong, naibu meya wa jiji. Kiwango cha kutambuliwa rasmi kama chama bungeni kilikuwa viti 8. Na bado mwaka 2022 waliojitokeza Ontario nzima hawakufika asilimia 45, kiwango cha chini kabisa katika historia ya mkoa.

Nawasikia watu wale wale wakilalamika kuhusu Ontario Science Centre, jumba la maonyesho ya sayansi. Ilikuwa Flemingdon Park tangu 1969, kazi ya Raymond Moriyama, na watoto wa magorofa yale walikuwa wanaifikia kwa miguu. Juni 2024 mkoa uliifunga ghafla, siku hiyo hiyo ua ukasimikwa, sababu ikatajwa kuwa ubovu wa paa la jengo. Uamuzi wa kuihamishia ufukweni, Ontario Place, ulitangazwa tangu 2023. Aliyeamua ni serikali ya mkoa, iliyochaguliwa na wale waliokwenda kupiga kura.

Nikiwachukia wagombea wote? (Don Mills)

Nenda kituoni, pokea karatasi, umrudishie ofisa na umwambie unaikataa. Sheria ya Ontario inakuruhusu, na kura zilizokataliwa hivyo na wapiga kura wenyewe huhesabiwa peke yake. Ukibaki kitandani, unahesabiwa pamoja na wavivu.

Chama kilichopata asilimia 30 kinakuwaje cha tatu kwa viti? (Mombasa)

Kwa sababu kila jimbo linahesabu peke yake na anayeongoza anachukua chote. Februari 2025 Waliberali walipata karibu asilimia 30 ya kura na viti 14, NDP chini ya asilimia 19 na viti 27, kwa kuwa kura za NDP zimekusanyika mahali pamoja. Mwaka 1990 NDP iliunda serikali ya viti 74 kwa chini ya asilimia 38. Oktoba 2007 wananchi waliulizwa kama wanataka mfumo mchanganyiko; asilimia 63 hivi wakakataa. Mimi naona walikosea.

Tuko wengi sasa, Wakenya, Watanzania, Wakongo. Kwa nini tusimpate mtu wetu Don Valley East? (Dar es Salaam, nina dada huko)

Mtu mwenye asili ya kwenu ameshalishika jimbo hilo, kwa ngazi ya shirikisho. Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanzania, alichaguliwa 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwislamu katika Bunge la Kanada. Hakuchaguliwa na Watanzania. Alichaguliwa na Wagiriki, Wachina, Wafilipino, Waafghani na wazee wa Don Mills waliozoea kuwapigia Wahafidhina.

Hesabu ya "tuko wengi" imewapoteza wengi. Toa watoto, toa wasio raia, toa waliohamia Brampton na Ajax lakini bado wanasali hapa, toa wasiojitokeza, kisha nitajie idadi iliyobaki. Kazi yenyewe huanza mapema zaidi, kwenye mchujo wa chama, ambako wanachama mia chache huamua nani atapewa tiketi. Mwambie dada yako aulize sasa hivi, katika chama anachokipenda, nani anaruhusiwa kupiga kura ya mchujo na uanachama unafungwa lini. Jina la mgombea likishatangazwa, mlango huo umefungwa hadi uchaguzi mwingine.