Kumpima mcheza breki: sikiliza muziki kabla ya kuhesabu mizunguko

Mkuu, umeuliza kwa nini kijana wa kwenye video yako aliyezunguka kwa kichwa mpaka watu wakapanda juu ya viti alishindwa na mwenzake ambaye "hakufanya kitu". Nimecheza breki (breakdance) tangu 2009, na mashindano ya mitaani hapa Dar nimeyaamua mara kadhaa. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mimi huanza na sikio la mchezaji. Hajui DJ ataweka ngoma gani. Jina lenyewe la breki limetokana na "break", kile kipande cha wimbo ambacho uimbaji unakata, zinabaki ngoma na besi. Ndicho DJ Kool Herc, mmoja wa waanzilishi wa hip-hop, alichokuwa akikirefusha kule Bronx, New York, mwaka 1973. Sasa mtu anayecheza bila kukisikia kipande hicho anacheza nini?

Kuna siku nilikaa meza ya majaji, kapeti la plastiki limetandikwa juu ya saruji. Kijana mmoja alizunguka kwa kichwa vizuri sana, lakini ngoma ilibadilika mara mbili, yeye yuko palepale. Alipochoka akaweka mkono chini, akainuka, akavuta kofia. Mwondoko haukuwa na mlango wa kutokea. Akaingia binti. Alianza amesimama, miguu inachezea besi, akashuka taratibu. Muziki ulipokata, akaganda juu ya mkono mmoja, goti limegusa kiwiko, hata kidole hakitikisiki. Ngoma iliporudi, kisigino chake kilitua nayo. Kura yangu nilimpa yeye, na ningempa tena leo.

Mizunguko ina thamani yake, tena kubwa, na huo mwili haujengwi kwa wiki mbili. Ila ni sehemu tu. Olimpiki ya Paris 2024 majaji walikuwa 9, vigezo 5 vyenye uzito sawa: ufundi, wingi wa miondoko, usafi wa utekelezaji, kuendana na muziki na ubunifu. Hapo unapimwa dhidi ya mtu uliyesimama naye, kwa hiyo ukirudia mwondoko wako wa raundi iliyopita, au ukiiba wa mwenzako, unaonekana haraka. Kuteleza nako kunakugharimu, ingawa nimeona watu wakiteleza na kuugeuza mtelezo kuwa mwondoko, na hapo mimi huheshimu.

Video yako itazame kwanza bila sauti, halafu iwashe. Kijana wako atabaki yuleyule. Mwenzake utamwona upya.