Mashine ya mazoezi kwa chumba kidogo Ujiji

Ndugu, umesema chumba ni futi 10 kwa 10, umeme hukatika, una kilo 95 na goti linakusumbua. Achana na mashine ya kukimbilia: inataka umeme na nafasi ya mita 2 nyuma yake, usije ukateleza ukagonga ukuta. Tena mkanda wake hupakwa mafuta ya silikoni; ukikauka, mota inaelemewa hadi kuungua.

Chukua baiskeli ya mazoezi ya sumaku: haiendi popote, sumaku ndiyo inayofanya pedali ziwe nzito, na unakaza kwa kuzungusha kitasa, bila umeme. Haina kelele wala pedi za breki za kuisha. Soma kibao cha uzito: tafuta ya kubeba kilo 120. Ipande dukani, kanyaga kwa nguvu, ikiyumba, iache. Weka kiti kimo ambacho pedali ikiwa chini, goti libaki limekunjwa kidogo.

Goti likiwa limevimba, muone daktari kwanza.