Sanduku la Mwandishi: Miswada Mitatu Mezani, na Yote Inaita

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji ambao nao huandika. Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, yaani hali ya mwandishi mwenye mifululizo zaidi ya mmoja ya riwaya. Nimeziweka pamoja, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe ameeleza shida yake kwa uwazi ambao wengi wetu huuonea haya.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na usiku huandika riwaya. Nina mfululizo wa upelelezi unaohusu bandari. Kitabu cha kwanza kimeshatoka, cha pili kiko katika rasimu ya kwanza, sura ya tisa. Nina mfululizo wa ukoo mmoja wa Lushoto, na mhariri amenirudishia mswada wa kitabu cha pili pamoja na kurasa 14 za maelezo. Tena nina hadithi za watoto, ambazo nimeanza mbili kwa pamoja. Kila jioni hufungua ule mswada ambao moyo unautaka. Mwaka mzima umepita, nimeandika sana, wala hakuna kilichokwisha. Je, niache mifululizo miwili nibaki na mmoja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiache hata mmoja kwanza. Hebu tuhesabu upya, maana umehesabu mifululizo, na mimi naona inayopaswa kuhesabiwa ni kazi. Una rasimu ya kwanza ya upelelezi, una rasimu za kwanza mbili za watoto, na una marekebisho ya Lushoto. Kazi nne, na tatu kati yake ni za aina moja. Hapo ndipo penye mkwamo.

Rasimu ya kwanza ni kama mtoto wa kunyonya, haikubali kuachwa. Ukiiacha wiki mbili, sauti ya msimulizi hupoa, na utakaporudi itakubidi usome tangu sura ya kwanza ili ukumbuke mpelelezi wako anajua nini na hajui nini. Jioni mbili au tatu huishia katika kusoma, ya nne unaandika kurasa mbili, ya tano moyo unataka hadithi za watoto. Ndiyo maana umeandika sana na hukumaliza. Marekebisho ni tabia nyingine kabisa, kwani maneno yako yapo tayari, na unaweza kurekebisha sura moja Jumamosi hii na nyingine Jumamosi ijayo bila ya kitabu kukununia. Prufu, yaani kurasa za majaribio za kusomwa kabla ya kitabu kuchapwa, kwa wale waliofika huko, ni kazi ya macho tu, na hufanyika hata kwenye foleni ya zahanati. Kwa hiyo unaweza kubeba mifululizo mitatu, mradi kila mmoja uwe kwenye hatua yake. Kisichobebeka ni rasimu za kwanza tatu kwa pamoja. Maliza upelelezi kwanza, siku tano za juma, hata kama ni ukurasa mmoja kwa usiku. Lushoto iwe ya Jumamosi. Hadithi za watoto ziweke kabatini, lakini kabla ya kulifunga, andika kwa kila moja ukurasa unaosema umeishia wapi na ulikuwa unaelekea wapi, kwa sababu leo unajua na baada ya miezi minne hutajua.

Kuna mfano wa mbali ninaoupenda. Mwingereza Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta mpaka mwaka 1867, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa mwandishi wa riwaya. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijitaka maneno 250 kwa kila robo saa. Mwaka 1858 alitumwa Misri kujadili usafirishaji wa barua. Huko huko akamaliza riwaya moja ya mfululizo wake wa Barsetshire, na kesho yake akaanza nyingine iliyokuwa nje ya mfululizo. Baadaye alikuwa na mifululizo miwili ya vitabu sita sita, na ule wa pili ulianza kutoka mwaka 1864 ilhali wa kwanza haukufika mwisho mpaka 1867. Watu humtaja kwa kasi yake. Mimi namtaja kwa shajara yake, aliyoigawa kwa wiki, akaandika kila siku idadi ya kurasa alizomaliza, ili siku ya uvivu imtazame usoni. Hilo unaweza kuliiga kwa daftari la shilingi chache. (Ni kweli pia kwamba alimlipa mtumishi wake pauni tano za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Wewe una madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha na kahawa ni ya kujipikia, kwa hiyo usijilinganishe naye kwa wingi wa kurasa.)

Jambo la pili, nunua kaunta buku moja kwa kila mfululizo. Najua kompyuta ipo. Nunua hata hivyo, na nitakueleza kwa nini kwa aibu yangu mwenyewe. Katika kitabu cha kwanza cha mfululizo wangu wa Pangani, mhusika mkuu ana shangazi mwenye ulimi mkali. Kitabu cha pili nilikiandika baada ya miezi saba ya kuhangaika na mfululizo mwingine, ambamo kulikuwa na mama mdogo mwenye ulimi kama huo huo, na bila ya kujijua nikamwita yule wa Pangani mama mdogo tangu sura ya tatu mpaka mwisho. Ni maneno mawili tu. Lakini kwa maneno hayo mwanamke yule alihama kutoka upande wa baba kwenda upande wa mama, na shamba la minazi ambalo ugomvi wote wa kitabu uliliegemea, shamba la babu mzaa baba, likawa halimhusu tena. Mhariri hakuona, nami sikuona. Aliona msomaji mmoja mtu mzima, akaniandikia mstari mmoja: huyu mama ana haki gani na minazi ya watu?

Tangu hapo ukurasa wa kwanza wa kila kaunta buku yangu ni wa ukoo, na wa pili unasema nani humwamkia nani. Usicheke. Katika Kiswahili, shikamoo moja inatosha kumwambia msomaji nani mkubwa, na ikigeuka kati ya kitabu cha kwanza na cha pili, umri wa wahusika umegeuka. Kurasa zinazofuata ni za majeraha, makovu na maradhi. Arthur Conan Doyle alimpa Daktari Watson, mwenzi wa mpelelezi wake Sherlock Holmes, jeraha la bega katika riwaya ya mwaka 1887, na katika ile ya 1890 jeraha likawa mguuni. Wasomaji wamelizungumza mpaka leo. Kisha ni kurasa za kalenda. Mfululizo unaopita miaka mingi huumbuliwa na mwezi mwandamo, maana Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ile ya 2010 ilianza Agosti, ya 2016 ikaanza Juni, na familia iliyofunga Agosti katika kitabu cha kwanza haiwezi kufunga Agosti tena miaka sita baadaye. Na kwa kuwa mpelelezi wako ni wa bandarini, angalia upepo pia. Ukiamua wakati wa marekebisho kwamba mauaji yahamie Agosti kutoka Januari, jahazi lako haliwezi tena kuwa limeshuka kutoka Uarabuni kwa kaskazi, kwani Agosti ni msimu wa kusi, na mashahidi wako wote wa jahazini inabidi uwatafutie njia nyingine ya kufika Tanga.

Kuhusu kurasa 14 za mhariri: zisome mara moja, uzifunike, usimjibu kwa siku tatu. Ukirudi, anza na yale maelezo yanayogusa mwendo wa hadithi, hata kama yako ukurasa wa 12 wa barua yake, na koma na nukta ziwe za mwisho kabisa. Nimewaona waandishi wakinyoosha sentensi kwa wiki nzima katika sura ambayo wiki ya pili waliifuta.

Swali: Mchapishaji amesema kitabu cha tatu cha mfululizo wangu ni kirefu mno kuliko viwili vya kwanza, nami napaswa kupunguza karibu robo. Naona nitoe mhusika mmoja pamoja na sura zake zote sita. Je, ni njia sahihi? — Msomaji wa Mombasa

Jibu: Ni njia ya haraka, na kwa kitabu kinachosimama peke yake huenda ingefaa. Kwa mfululizo, jiulize kwanza kama mhusika huyo alitajwa katika vitabu viwili vilivyokwisha kuuzwa, na kama anahitajika katika cha nne. Ukimfuta leo, itakubidi ueleze kesho alikuwa wapi. Nimrudie yule yule Trollope, nisamehe. Kitabu cha mwisho cha mfululizo wake wa pili kilikuwa cha majalada manne, akatakiwa kukifanya matatu, akapunguza maneno yapatayo 65,000, na kwa sehemu kubwa alifanya hivyo kwa kufuta maneno na sentensi humu na humu, hadithi yenyewe akaiacha isimame. Ni kazi ya kuchosha kama kuchambua mchele, na mswada kamili haukuchapishwa mpaka 2015. Wewe anza na mazungumzo. Watu wako, kama watu wa riwaya zetu nyingi, huamkiana, huulizana habari za nyumbani, za watoto na za kazi, ndipo waseme walilojia. Waache waamkiane mara moja katika kitabu, msomaji ajue wana adabu, kisha kila mara nyingine ingia moja kwa moja kwenye walilojia. Mimi nilipata kurasa 19 kwa njia hiyo tu.

Swali: Nauza hadithi yangu sura kwa sura kwa njia ya simu, na wasomaji wa kundi wanadai sura mpya kila Jumatano. Sasa nimepata wazo la mfululizo wa pili, nao wanautaka uanze mara moja. Nianze? — Msomaji wa Mwanza

Jibu: Hapana. Tumekulia kwenye magazeti yenye hadithi zinazoishia na neno "Itaendelea", na ninaijua raha ya kusubiriwa. Lakini sura iliyokwisha kutumwa hairudi. Ukigundua katika sura ya 30 kwamba bunduki ilipaswa kuwa kabatini tangu sura ya nne, mwandishi wa kitabu hurudi kuiweka. Wewe huwezi, utabaki kumtungia mtu wa kuileta. Kwa mfululizo mmoja hilo linavumilika. Kwa miwili, kila Jumatano utakuwa unalipa madeni mawili. Andika mfululizo wa pili mpaka mwisho kimya kimya, uurekebishe, ndipo utangaze Jumatano yake. Watanung'unika. Waache wanung'unike.

Swali: Ni aibu kwamba kitabu cha pili cha mfululizo wangu kimechelewa miaka sita? — Msomaji wa Dodoma

Jibu: Muhammed Said Abdulla alichapisha kitabu cha kwanza cha mpelelezi wake Bwana Msa mwaka 1960, baada ya mswada wake kushinda mashindano ya Idara ya Uandishi ya Afrika Mashariki. Cha pili kilitoka 1968. Kisha, kati ya 1973 na 1976, vikatoka vinne. Miaka ile ya mwanya alikuwa na kazi ya kuhariri gazeti la wakulima. Sidhani kama kuna msomaji aliyemwuliza Bwana Msa alikuwa wapi. Kama kitabu chako bado kinakuita, rudi. Kama hakikuiti tena, mwambie mchapishaji wako mapema, kwa barua, na urudishe malipo ya awali ikiwa ulipokea.

Swali: Na vitabu vyako mwenyewe, Mwalimu? — Wasomaji wawili, wa Zanzibar na wa Bujumbura

Jibu: Kitabu cha tatu cha Pangani kiko kwenye prufu. Nimefika ukurasa wa 112 kati ya 230, nikisoma na rula chini ya mstari kama mtoto wa darasa la pili, na shangazi amebaki shangazi mpaka hapo. Cha nne hakijaanza, na hakitaanza mpaka prufu ziondoke mezani. Mfululizo wa reli uko katika rasimu ya kwanza, sura ya 14. Hapo ndipo penye tatizo, kwani mhusika wangu amesimama kwenye stesheni ya Tabora tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Tabora ndipo reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na tiketi iliyo mkononi mwake sijaisoma bado. Nimeandika hivyo kwenye kaunta buku yake, nikaweka tarehe, nikarudi kwenye prufu.